Mama Rachida Aliyeomba Moto

Jirani aliyekuwa anakuja kuniomba moto kila asubuhi, kwake moto ulikuwa unawaka. Nisikilizeni.

Mimi ni Benie, wa Makiso hapa Kisangani. Bwana yangu Gédéon alienda Banalia kununua mchele, akaoa huko huko. Mtaa mzima ulijua kabla yangu.

Aibu ikanifunga ndani. Madirisha nimefunga, mlango nimetia komeo. Wenzangu wa kwaya walikuja kugonga, nikawajibu humo humo ndani, "Niko bien, niko salama," mpaka wakachoka.

Kuoga, taabu. Kula, taabu. Nilikuwa nalala mchana kutwa nikiomba nisiamke tena, na sifichi.

Ndipo akaanza huyu Mama Rachida, mtu wa Kindu, kahamia mlango wa pili.

"Hodi. Naomba moto."

Kwetu mtu hanyimwi moto. Hata adui yako akija na kifuniko kibovu, unamtilia makaa mawili akawashe mbabula, jiko lake la makaa, apike. Sasa mimi nilikuwa sipiki. Ikabidi niamke, niwashe makaa, nimfungulie. Nilimchukia mwanamke yule, acha tu.

Na akishapata moto haondoki. Anaketi kizingitini, anauliza nimelalaje. Nikisema "bien" ananitazama tu mpaka nasema ukweli. Siku moja nililia mbele yake mpaka makaa yakazima. Kesho yake nikapika pondu ya majani ya muhogo, nikala.

Asubuhi moja nikasema leo moto nampelekea mimi. Nikakuta mbabula yake nyekundu, chai inachemka.

Hasira zikanipanda. Nikamuuliza kama alikuwa ananionea huruma.

"Huruma gani, Benie? Mutoto yangu alikufaka mwaka jana. Docteur aliniambia nisiikale peke yangu. Mi sijue kuambia mutu 'niko mubaya, roho inaniuma'. Kuomba moto, ile najua."

Miezi yote ile ananiuliza nimelalaje, mimi sijamuuliza hata mara moja. Nilidhani shida iko kwangu tu.

Nikaketi, nikamwomba anieleze mtoto huyo alikuwa nani. Alieleza mpaka chai ikakaukia sufuriani, na hakuna aliyeinuka kuiepua.

Ndugu zangu, kusema "niko mubaya" ni kazi, si kila mtu anaiweza. Kama huiwezi, omba moto, omba chumvi, omba chochote, bora mtu akufungulie mlango. Nawe uliyefungua, usimwache aondoke bila kumuuliza yeye kalalaje.