Aliyeitwa Pasaen

Duka letu liko Rau. Tunanunua kazi za shanga kwa akina mama wa Kimaasai kutoka tambarare za kusini mwa Kahe, kwa bei wanayoipanga wenyewe. Siku za kuleta mzigo huketi barazani, wakishona na kutaniana hadi jua lipungue. Mmoja wao, mama mrefu mwenye sauti ya chini, ndiye niliyetaka anipende. Nilimngoja barabarani kila wiki. Nilimwekea kiti kivulini. Maziwa ya chai yake niliyachemsha mwenyewe.

Kisha akaja mwenzangu kutoka Dar, kunisaidia mauzo. Kabla hajajua hata kutofautisha mkufu wa bibi harusi na wa kila siku, nikasikia yule mama akimwita: "Pasaen! Njoo unishikie uzi."

Nilijua maana yake. Wamaasai wawili wakipeana zawadi, huacha majina yao na kuitana kwa kile walichopeana. Waliopeana shanga huitana pasaen. Mimi nilikuwa "bosi".

"Ulimpa nini?" nilimuuliza mwenzangu jikoni, nikisuuza vikombe vilivyokwisha kuoshwa.

"Shanga nyekundu zilimwishia. Nikakata za mguuni kwangu, nikampa. Naye akavua bangili yake ya shanga akanivisha. Mbona umenuna, dada?"

"Nani kanuna?"

"Hicho kikombe utakivunja."

Jumapili nilipanda Marangu. Kwenye sanduku la marehemu bibi mlikuwa na mkufu wake wa shanga za buluu, aliouvaa kanisani tu. Mama akaniruhusu kuuchukua. Nikaufunga vizuri kwa karatasi ya kaki na kamba ya katani, nikashuka nao mjini kama mtu anayepeleka posa.

"Shikamoo, yeyo," nilisema pale barazani, nikimwita mama kwa Kimaasai. "Huu wako."

"Marahaba, bosi." Akafungua, akauinua kwenye mwanga. Mlima ulikuwa wazi nyuma yake, nami sikuutazama. "Shanga za zamani hizi. Unauza bei gani?"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Siuzi, yeyo. Nakupa."

"Sasa mbona umeufunga kama mzigo wa kumuuzia mzungu?" Naye akacheka, halafu akanitazama kwa upole ulioniuma zaidi ya kicheko. "Pasaen wangu alinipa kitu cha mwilini mwake. Huu hata wewe hujauvaa. Geuka."

Akanivisha mwenyewe. Vidole vyake vilikuwa baridi shingoni mwangu. "Uvae kwanza. Siku kuuvua kutakapokuuma, uniletee."

Tangu hapo ninaoga nao, ninalala nao. Na kila sauti ile inapotoka barazani, "Pasaen!", ni mimi ninayeinua kichwa kwanza. Mwenzangu hunipita mlangoni, bangili ikigonga fremu.

"Nipishe, dada. Naitwa."