Pampu ya Chumba cha Kusubiri

Shangazi yangu hakuwahi kupenda samaki. Alikiri mwenyewe kwamba samaki anayemtambua ni yule aliyelala kwenye sahani. Hata hivyo, kwa miaka kumi na moja aliwalisha samaki kumi na wanne, akawabadilishia maji na kuwasugulia vioo. Siku Daktari alipoleta tangi kwenye kliniki yake ya meno, aliliweka mkabala na kaunta ya mapokezi, na aliyekaa kaunta alikuwa yeye. Hakuna aliyemwambia kwamba tangi lilikuwa kazi yake, na hakuna aliyefikiri kwamba lingeweza kuwa kazi ya mwingine.

Mambo yalimwendea hivyo tangu utotoni. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto saba, na kila kisicho na mwenyewe kilimwangukia. Mimi mwenyewe nilimwangukia pia. Nilipoanza chuo baba alinipeleka kwake kwa wiki moja, nikakaa miaka minne. Ndiyo maana habari za pampu nilizisikia zote, jioni baada ya jioni, yeye akiwa ameloweka miguu kwenye beseni, na mimi nikimenya viazi.

Lile tangi lilikuwa na faida, hilo hakulikataa. Watu waliingia wameshika mashavu, macho yamewatoka, lakini wakishakaa mbele ya kioo mabega yalishuka. Mzee mmoja mstaafu wa posta hakukubali kuingia kwa Daktari mpaka amtazame robo saa nzima samaki mkubwa wa rangi ya chungwa, aliyekuwa mkongwe kuliko wote mle ndani. Wagonjwa walimwita Shangazi Mama Samaki. Jina hilo lilimkera, ila lilikuwa limeshamganda.

Pampu ilianza vituko vyake Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Kazi yake ilikuwa kunyonya maji kutoka chini, kuyapitisha kwenye chujio, na kuyamwaga tena juu yakiwa yamechanganyika na hewa. Shangazi alikuwa akijaza kadi ya mgonjwa aliposikia kimya. Alipoinua macho, maji yalikuwa yametulia kama ya kwenye glasi. Alichomoa waya, akachomeka tena, akagonga kifuniko cha pampu kwa kalamu. Ikanguruma, ikaanza kazi. Akarudi kwenye kadi yake.

Jumatano ikasimama tena. Alhamisi ikasimama mara mbili. Ijumaa haikusimama hata mara moja, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwani alikwishakubali kwamba imekufa.

Alifanya kila alichojua na alichoambiwa. Alitoa sponji ya chujio, akaikamua mpaka maji yakatoka meupe. Alisafisha mpira wa kunyonyea kwa mswaki, na miswaki haikuwa haba pale. Aliongeza maji, akidhani pampu inavuta hewa. Alifungua kifuniko, akakitoa kile kifeni chenye sumaku kinachosukuma maji, akakisugua, akakirudisha. Ikakaa siku mbili bila kusumbua, kisha ikasimama huku akiitazama usoni.

Na wagonjwa walikuwa na ushauri. Mtu anayeumwa jino hawezi kula wala kulala, ila kushauri anaweza. Mmoja alisema chumvi imezidi. Mwingine alisema samaki wamekuwa wengi, wagawe. Mama mmoja aliyekuwa amepigwa ganzi alieleza kwa kirefu, midomo imemlegea, Shangazi akitikisa kichwa kwa adabu bila kuambulia neno.

Akamwita fundi wa duka la samaki. Fundi alikuwa na nafasi Jumamosi alasiri tu, kliniki ikiwa imefungwa. Alikaa saa nzima, na saa nzima pampu ikaenda kama saa ya ukutani. Fundi akafuta mikono, akasema pampu haina ugonjwa. Jumatatu, kabla hata ya chai, ikasimama. Akaitwa tena, akaja Jumamosi nyingine, ikaenda tena bila kukohoa. Safari hii aliondoka akisema kwa upole kwamba huenda mama anaifungua-fungua mno.

Daktari akalidaka neno hilo. Hakugomba. Hakuwa mtu wa kugomba. Alisimama mbele ya kaunta na glavu zake, akamwomba aache kuichokonoa.

Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo akavua kiatu kimoja, akasahau cha pili. "Wiki zote hizi nimeibembeleza kama mtoto mchanga," alisema, "leo mimi ndiye ninayeiharibu."

Siku ya tatu baadaye alifungua kliniki asubuhi akakuta pampu imesimama, na haikujulikana imesimama tangu lini. Samaki walikuwa wamepanda juu, midomo wazi, kama wagonjwa kwenye kiti. Watatu walikuwa wameshakufa, na yule mkongwe wa rangi ya chungwa alikuwa mmoja wao. Aliwatoa kwa wavu, akawafunga kwenye gazeti, akaosha mikono, akafungua mlango kwa sababu watu walikuwa wanasubiri nje.

Saa tano akaja mstaafu wa posta, jino la nyuma limemvimbisha shavu. Alikaa mahali pake. Akatazama, akasogea, akatazama upande wa pili wa mawe. Kisha akamuuliza Shangazi yule mkongwe yuko wapi. Shangazi hakuweza kumdanganya. Mzee akavaa kofia, akasema atakuja siku nyingine. Akaenda zake na shavu lake.

Nadhani hapo ndipo uchovu ulipogeuka kuwa hasira, na hasira ya Shangazi ilikuwa na mpangilio. Hakuifungua pampu tena. Alifungua daftari la miadi, na kila pampu iliposimama aliandika herufi P kwa kalamu nyekundu, kando ya jina la mgonjwa aliyekuwa ametoka ndani punde. Alifanya hivyo wiki mbili bila kumwambia mtu. Ikisimama, anaigonga, inaanza, anaandika.

Ijumaa ya pili alilileta daftari nyumbani chini ya kwapa, akaliweka mezani kati ya sahani zetu. Kwa waliokuja kuziba meno hapakuwa na P hata moja. Kwa waliokuja kusafishwa hapakuwa na kitu. P zote, kumi na moja, zilikuwa kando ya majina ya waliong'olewa jino. Nilicheka, nikamuuliza samaki wanajuaje. Hakucheka.

"Samaki hawajui," alisema. "Kuna kitu kinafanyika pale mtu aking'olewa, na hakifanyiki akizibwa. Nitakijua."

Jumatatu alipompelekea Daktari habari hiyo, Daktari alimtazama jinsi unavyomtazama mtu aliyefanya kazi muda mrefu bila likizo. Hakumzuia, wala hakumsikiliza. Basi Shangazi alisubiri mgonjwa wa kung'olewa, na alipotoka akiwa ameng'ata pamba, akamfuata muuguzi wa Daktari hadi chumba cha nyuma, hatua kwa hatua. Muuguzi alibeba koleo kwenye trei, akaziosha, akaziingiza kwenye mashine ya mvuke ya kuua vijidudu. Vyombo vingine vyote vilikusanywa vikangoja jioni, lakini koleo zilikuwa seti mbili tu, ikabidi zichemshwe papo hapo. Muuguzi akabonyeza kitufe. Taa ya dari ikafifia kufumba na kufumbua, ikarudi. Shangazi akakimbilia chumba cha kusubiri. Maji yalikuwa yametulia.

Akarudi, akapiga magoti, akafuata waya. Karibu na tangi hapakuwa na soketi, hivyo siku ile tangi lilipoletwa waya wa pampu ulipitishwa kwenye tundu la ukuta ukachomekwa kwenye ekstensheni ya chumba cha nyuma. Mashine ya mvuke ilichomekwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo. Na jioni, baada ya yeye kuondoka, muuguzi aliiwasha tena kwa vyombo vya siku nzima; mitambo mingine ikiwa imezimwa, pampu kwa kawaida ilistahimili, ila jioni ile moja ilizima, samaki wakakaa usiku kucha bila hewa. Jumamosi fundi alipokuja mashine ilikuwa imelala.

Alingoja Daktari amalize, akamwomba aje akae kwenye kiti cha wagonjwa, mbele ya tangi. Daktari akasema ana mtu saa sita. Shangazi akasema anajua, yeye ndiye aliyemwandika. Daktari akakaa. Shangazi akamwambia muuguzi awashe. Pampu ikanyamaza.

Daktari alitazama maji kwa muda. "Iwashe tena," akasema. Wakaifanya mara tatu.

Fundi aliitwa, safari hii Shangazi akamwambia waziwazi kwamba akija Jumamosi hatafunguliwa. Akaja Jumanne. Alipojua pa kutazama, akaona na kasoro nyingine. Kijiti cha katikati ambacho kifeni huzungukia kilikuwa kimelika upande mmoja. Maadamu kinazunguka kiliendelea, ila umeme ukiyumba kidogo tu kikasimama, hakikuwa na nguvu ya kuanza tena mpaka kigongwe. Ndiyo maana kusafisha kulisaidia siku mbili kisha basi. Alibadilisha kijiti, akaleta fundi umeme akaweka soketi ya peke yake kando ya tangi. Kabla ya kuondoka alimwomba Shangazi radhi kwa lile neno la kufungua-fungua. Shangazi alikubali radhi hiyo, ila hakumpa chai.

Alimpigia simu mstaafu wa posta, akamweleza ukweli, kwamba yule mkongwe harudi lakini waliobaki wako salama. Mzee akaja Alhamisi, akang'olewa, mashine ikawashwa, maji yakaendelea kumwagika.

Kilichobaki kilikuwa Daktari. Wiki nzima Shangazi alimsikia akiwasimulia wagonjwa, huku akiwavisha kitambaa kifuani, jinsi "tulivyogundua" kwamba tatizo ni umeme. Tulifuatilia, tukaona, tukarekebisha. Ijumaa, chumba kikiwa kimejaa, alisimulia tena mbele ya kaunta. Shangazi akaweka kalamu chini.

"Daktari, waambie nani aligundua."

Daktari akakohoa, akageukia watu. "Ni huyu mama," akasema. "Mimi nilimkatalia."

"Ahsante," Shangazi akasema, akaita jina lililofuata.

Jumatatu yake akachukua likizo ya wiki mbili, ya kwanza baada ya miaka mitatu, tangi akamwachia muuguzi. Siku ya pili Daktari alipiga simu kuuliza samaki wanakula kijiko kimoja au viwili. Akamjibu. Siku ya tatu akapiga kuuliza ni kijiko kikubwa au kidogo. Akamjibu hilo pia, akazima simu, akaniomba nimsogezee beseni.