Tulirudi Mahame, Majirani Wakatufuata

Nina miaka themanini na minne. Nimezika wake wawili, nimezika karibu rika langu lote, na kijiji cha ujamaa tulikosombwa kupelekwa nimekizika, nyumba ya mwisho niliibomoa mimi. Admin, jina langu lifiche. Ninaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kisomo cha watu wazima kilinitosha.

Sisi Wakurya wa huku Kemambo tulizoea kila mtu na mji wake, zizi katikati. Tulipohamishwa tukapangwa mstari, ukuta kwa ukuta. Ndipo mdogo wangu, kijana mwenye nguvu, akaanza kuacha chakula. "Kaka, majirani wananisema. Wanasema nitakufa kabla sijaoa."

Nikachukua fimbo, nikaenda kwa jirani. Mimi siogopi mtu.

"Wee mura, kijana mzima umerogwa?" akafoka. "Mdogo wako simtaji hata kwa salamu!"

Sikumwamini. Nikaamua, na nikiamua nimeamua: turudi mahame, kwenye mji wa baba, mbali na midomo ya watu. Balozi wa nyumba kumi alikataa, nikaenda. Nilisimamisha kibanda peke yangu, nani mwingine angeweza?

Asubuhi moja tukawa tunapalilia ulezi. Mdogo wangu akaegemea jembe, akatega sikio.

"Kaka, wametufuata."

"Nani?"

"Majirani. Hawa watu hawachoki kutembea?"

Nikatazama pande zote. Zizi lililoanguka, nyasi, basi. Adui yule hakuwa na mgongo wa kuchapa.

Nikampeleka hospitali. Mama muuguzi akaniambia, "Baba, ni ugonjwa. Sauti anazisikia kweli kama unavyonisikia mimi. Usimbishie, usimcheke. Dawa asiache." Wajukuu wanauita skizofrenia. Dawa zilizipunguza sauti, hazikuzimaliza. Mikono inamtetemeka, lakini analima, anacheka.

Sasa wanangu wanasema, "Baba, ametulia miaka yote hii, dawa za nini? Tumpeleke kwenye maombi, aziache." Aombewe, sikatai. Kuacha dawa ndiko ninakokataa. Yeye hapokei kidonge ila mkononi mwangu, na mkono huu umechoka, jamani. Nikiondoka mimi, watamwachisha. Nishaurini, nimkabidhi nani?

Anayebisha akamuulize yule jirani wa fimbo, bado yuko hai, tunasalimiana. Au mumuulize mdogo wangu mwenyewe. Ila muulizeni polepole, mmoja mmoja. Wapo wengine wanamuuliza wakati huohuo.