Mlinzi wa Vyakula

Katika kila safari ya kwaya yetu, mlinzi wa vyakula ni mimi. Hakuna kikao kilichonichagua. Ni mwili wangu mnene tu. Watu wakiniangalia wanaona mtu wa kukaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mahotpoti. Kwa hiyo siku tuliyokwenda kwenye maporomoko ya mlimani, gari lilipofika mwisho wa barabara, mwalimu wa kwaya akaniambia kwa upole, "Dada, wewe pumzika hapa na vyakula. Huko ni mlima kweli."

Upole wake ndio ulioniudhi. Mfereji unaonywesha migomba yetu pale kijijini Akheri unatoka mto huohuo wa maporomoko. Nimechota maji yake tangu utoto, na sikuwahi kuona yanakoangukia. Nikajifunga kanga kiunoni, nikasema, "Leo vyakula vitajilinda vyenyewe." Dereva akavifunika kwa turubai nyuma ya gari, naye akapanda mlima nasi.

Njia ni fupi, lakini imesimama kama ngazi ya kupandia darini. Nilishika mizizi, nikateleza, sehemu nyingine nikapanda kwa magoti, huku mabinti wa sauti ya kwanza wakinipita na kucheka. Niliwaacha wacheke, pumzi ya kuwajibu sikuwa nayo. Vijana waliokuwa wakishuka walinisalimia, "Shikamoo mama. Umeshafika, bado kidogo tu." Nikaitika marahaba nikijua wananidanganya. Baada ya kona moja kulikuwa na kona nyingine, na nyingine tena.

Kisha nikasikia ngurumo, na baridi ikanipiga usoni. Maji yalishuka kutoka juu kabisa, meupe, yakipasukia kwenye mawe. Nilisogea mpaka nikalowa chapachapa. Nililia, sifichi. Niliuonea fahari mwili wangu huu, maana ndio ulionifikisha.

Tuliporudi kwenye gari tulikuta ngedere wamefunua kila kitu. Chapati zimekwisha, ndizi zimebaki maganda, na mmoja amekaa juu ya hotpoti la pilau akitutazama kana kwamba sisi ndio wageni. Wenzangu wote wakanigeukia. Mwalimu, njaa ikimuuma, akauliza, "Jamani, nani alikuwa analinda vyakula?"

"Sijui," nikasema, nikikamua kanga yangu. "Mimi nilikuwa kwenye maporomoko."