Alama ya Penseli Kwenye Skrubu

Reino Lahtela hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimesifiwa. Kwa miaka thelathini na mmoja aliendesha gari la kaunti la kusukuma theluji, na kila alfajiri alilizunguka na tochi akigonga boliti moja moja, hata kama fundi ameshamwambia lipo sawa. "Fundi anarudi kulala," alikuwa akisema. "Anayekwenda kwenye barafu ni mimi."

Msimu ule wa baridi ilimbidi auchunguze mwili wake mwenyewe hivyo hivyo. Novemba aliteleza kwenye ngazi akiondoa theluji juu ya paa, akavunjika paja la kulia. Madaktari walimtia chuma ndani ya mfupa, wakamrudisha nyumbani na magongo. Tangu hapo mdogo wake, Tauno, akawa anakuja kila theluji ikianguka kumsafishia njia ya kuingilia nyumbani. Asubuhi moja ya Januari, Reino akiwa dirishani na kikombe cha kahawa, alimwona Tauno akisimama na kuegemea koleo kama mtu anayesikiliza kitu, kisha akakaa chini taratibu kwenye theluji. Hakuinuka tena. Reino alitoka na magongo yake, akafika amechelewa.

Kule kwao ardhi ya Januari haichimbiki. Ibada ilifanyika, nyimbo zikaimbwa, mkate mtamu ukaliwa na kahawa ikanywewa ukumbini chini ya kanisa, kisha Tauno akalazwa katika chumba cha mawe cha makaburini, pamoja na marehemu wengine wa msimu, kungoja Mei. Mei, watu sita wangelibeba jeneza kutoka barabarani hadi juu ya kilima walikolala wazazi wao, maana gari halipandi tope la theluji iliyoyeyuka. Reino alitaka kuwa mmoja wa wale sita. Hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu peke yake: "Bwana, nipe hatua arobaini tu." Alikuwa amezihesabu kichwani, kutoka barabarani hadi kwenye kaburi la mama yao.

Jumapili moja ukumbini, Marlys, mjane wa Tauno, alikuwa akiandika majina ya wabebaji. Reino, aliyekaa upande wa pili wa meza, akayasoma kichwa chini miguu juu. Majina sita yalikuwa juu, na lake halikuwamo. Lilikuwa chini, chini ya maneno "Wabebaji wa Heshima," yaani wazee wanaotembea nyuma na kofia mkononi.

"Kahawa zaidi, shemeji?" Marlys aliuliza.

"Inatosha," akasema Reino, ingawa kikombe kilikuwa kitupu.

Akarudi nyumbani na neno moja rohoni: ananilaumu. Mume wake kafia kwenye theluji yangu, na hataki mkono wangu uguse jeneza lake.

Mtaalamu wa viungo alikuwa ameshamwambia kwamba paja limenyauka na dawa yake ni baiskeli. Lakini barabara zingekuwa na barafu hadi Aprili. Basi akaenda dukani kwa Duane, fundi wa baiskeli wa mjini, kutafuta stendi ya kufanyia mazoezi ndani.

"Karibu, mzee Lahtela. Mguu unaendeleaje?"

"Bado upo. Nionyeshe ulizonazo, na usinionyeshe ya bei kubwa kwanza."

Duane akacheka, akamwonyesha rola tatu ndani ya fremu. Baiskeli inawekwa juu yake bila kushikwa na kitu.

"Nani ananishika nisianguke?"

"Unajishika mwenyewe."

"Nilijishika mwenyewe kwenye ngazi, ukaona nilivyofika."

Ya pili ilikuwa ya umeme. Unatoa gurudumu la nyuma, mnyororo unaushika mtambo wenyewe, na simu unaiweka mbele yako.

"Hii ndiyo bora," Duane alisema. "Ukifika mlimani inajikaza yenyewe."

"Mlima gani? Mimi nitakuwa chumba cha chini."

"Mlima wa kwenye simu."

"Na nani anaamua urefu wake?"

"Programu, mzee."

"Anakaa wapi huyo?"

Duane akacheka mpaka akajifuta macho. "Inakupa namba za nguvu zako, kila sekunde."

"Na ikinidanganya nitajuaje? Mtu akiniambia nina nguvu, nataka nimwone usoni."

Ya tatu ilikuwa fremu ya chuma. Baiskeli inabanwa kwenye ekseli ya nyuma, na rola moja inasukumwa kwenye tairi kwa skrubu kubwa ya kukazwa kwa mkono. Ndani kulikuwa na sumaku za kuleta uzito, na wenzo wa kuuongeza wenye namba moja hadi saba. Reino aliinama, akaizungusha skrubu, akaizungusha tena.

"Kaza mpaka rola iguse tairi, halafu ongeza mizunguko miwili," Duane alisema. "Ikilegea, tairi linateleza na wewe unajiona bingwa bure."

"Na humu kumefichwa nini?"

"Hakuna. Unachokiona ndicho hicho."

"Wauzaji wote husema hivyo."

Hakuinunua siku ile. Alirudi mara mbili, akazigonga boliti zake zote, na mara ya tatu akaichukua, pamoja na tairi laini lisilopiga kelele. Aliifunga chumba cha chini karibu na mlango wa sauna, chumba cha kuogea mvuke, akapandisha juu yake baiskeli yake ya zamani ya kijani.

Alianza namba mbili, dakika kumi, akihema kama mvukuto. Wiki ya tatu akafika namba nne, na mwanzoni mwa Machi namba tano. Kila Alhamisi Marlys alikuja na maandazi ya nyama na viazi, akashuka chini kuyaweka kwenye friza, akapanda, akauliza habari ya mguu, akatajiwa namba, akaenda zake. Walizungumza juu ya hali ya hewa.

Lakini kulikuwa na jambo. Kwenye baiskeli Reino aliruka kama kijana, ila akipandisha mfuko wa chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye ngazi za nyuma, paja lilitetemeka kama la ndama. Ngazi na mashine havikusema kitu kimoja. Ngazi alizijua, alizijenga mwenyewe. Akampigia simu Duane.

"Umeniuzia sumaku zilizochoka."

"Sumaku hazichoki, mzee. Angalia skrubu."

"Skrubu nimeikaza kwa mkono wangu."

"Basi iangalie tena kwa macho yako."

Reino akachukua penseli ya seremala, akachora mstari mmoja kuvuka kichwa cha skrubu na fremu. Jumatatu mstari ulikuwa umenyooka. Jumatano umenyooka. Alhamisi jioni, Marlys alipokwisha kuondoka, nusu ya mstari iliyo kwenye skrubu ilikuwa inatazama sakafu.

Akakaa kwenye kiti cha baiskeli bila kupiga pedali. Kikulacho ki nguoni mwako. Mashine ya umeme aliikataa kwa hofu ya uongo usioonekana, akachagua hii ya wazi, na uongo ukaingia kwa mlango wa wazi, na sahani ya maandazi mkononi.

Alhamisi iliyofuata alishuka mapema, akaketi ndani ya sauna iliyopoa, mlango umeachwa wazi kidogo. Akasikia friza ikifunguliwa na kufungwa. Kisha akamwona Marlys akiinama kwenye stendi.

"Unakaza au unalegeza, shemeji?"

Marlys hakushtuka. "Nalegeza."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia upo namba nne."

"Kama hutaki nimbebe mume wako, sema. Jina langu umeliandika nyuma, nililiona."

"Siku hizi unasoma maandishi ya watu kichwa chini?"

"Nimesoma vibao kwenye dhoruba miaka thelathini na mmoja. Usinigeuzie maneno. Najua unanilaumu. Kafia kwenye njia yangu."

Marlys akaketi kwenye benchi la kuvulia viatu. Alikuwa bado na skafu kichwani.

"Wiki ya kwanza nilishuka hapa, nikakusikia unahema," alisema. "Tauno alihema vile vile asubuhi ile akifunga buti. Nikamsikia, Reino. Nikamwambia tu avae glavu. Wewe ulikuwa na mguu mmoja. Mimi nilikuwa na miwili, na nikamwacha aende." Akajifuta pua kwa skafu. "Halafu ujikaze hivyo, ubebe jeneza, na wewe nikuzike Mei ile ile? Maandazi haya atakula nani?"

Reino akausukuma mlango wa sauna, akatoka.

"Ungeniambia."

"Nawe ungeniuliza."

Reino akapanda baiskeli, akarudisha wenzo namba tatu.

"Kaza wewe mwenyewe. Mpaka iguse, halafu mizunguko miwili. Kisha kaa hapo unisikilize. Ukiona nahema vibaya, sema acha, nami nitaacha."

"Wewe? Uache?"

"Nitanung'unika, lakini nitaacha."

Marlys akakaza. Tangu siku ile alikaa kwenye benchi kila Alhamisi akifuma soksi, na mara mbili alisema acha, na mara mbili Reino akanung'unika na kuacha. Namba tano, ile ya kweli, aliifikia wiki ya mwisho ya Aprili. Habari ya orodha Reino hakuigusa tena, wala Marlys hakumgusia.

Siku ya mazishi, Mei, mchungaji alisoma majina barabarani. La sita lilikuwa Reino Lahtela. Wenzake wakashika vishikio, lakini yeye akalizunguka jeneza kwanza, akagonga kishikio kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole.

"Reino, twende bwana, mvua inakuja," mmoja wao alisema.

"Mwacheni alikague," akasema Marlys.

Alishika nyuma, upande wa kushoto. Marlys alitembea hatua moja nyuma yake, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Tope liliwafika kwenye kamba za viatu. Hatua ya arobaini ilipotimia, kaburi lilikuwa bado lipo mbele. Kichwani mwake kilima kilikuwa kimepungua kwa miaka. Zilibaki hatua tatu. Hizo hakuwa ameziomba, akapewa.