Migono ya Jumapili

Zamani mvua ya Aprili ilipoanza, ningu walipanda mto Kipsonoi na watu wakashuka kuwachukua. Siku hizi watu wanaunda kundi la WhatsApp, wanamchagua katibu, wanabishania rangi ya fulana, halafu ndipo wanauliza kama samaki watakuwepo.

Mzee Ogoti hakuwa katika kundi hilo. Simu yake ilikuwa mulika mwizi, ya kupiga na kupigiwa. Mipango ya safari alisomewa na mwanawe Zack, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai, aliyekuja Jumapili kwenye kambi ya wachumaji kuwaona wazazi. Zack alikuwa na miaka thelathini na moja na hajawahi kumwona ningu kwa macho yake, kwa kuwa alilelewa kwa nyanya yake, mbali na mto huo. Alikuwa amesimuliwa tu: samaki wa magamba madogo, mdomo umetazama chini kama wa mtu aliyenuna, anayetoka ziwani na kupanda maji mapya kwenda kutaga. Alisimuliwa mara nyingi mno utotoni hata akaacha kuamini.

Mwaka huo Ogoti alitaka amwone, na muda ulikuwa mfupi. Mashine za kuvuna majani zilikuwa zimechukua mahali pa wachumaji, shamba moja baada ya jingine, na kambi zikabaki tupu. Safu ya nyumba alimokaa na mkewe Nyamoita kwa miaka arobaini na minne ilikuwa ibomolewe. Barua ya kampuni iliwapa hadi mwisho wa Aprili. Baada ya hapo ni kurudi kwao Nyamira, kwenye kipande chake cha mlima na kijito ambacho mtu anakiruka kwa hatua moja.

Kwa hiyo alisuka migono miwili, mitego ya kamba za mwituni, mdomo mpana na shingo nyembamba, samaki akiingia hatoki. Zamani kamba hizo zilikatwa msituni kando ya mto. Sasa msitu ulikuwa na ua na kibao, na Ogoti alizikata kwenye ua wa Kipkurui.

Kipkurui alikuwa Mkipsigis wa ng'ambo ya pili, mwenye chai kidogo na ng'ombe saba. Samaki hakuwahi kumtia mdomoni. Miaka yote aliwaruhusu watu wa kambi wapite malishoni mwake kwenda mtoni, akawaletea kibuyu cha mursik, maziwa yaliyolala, wakipata baridi, na kila mwaka aliwauliza kama wamefuata nyoka wao. Kazi yake ilikuwa kutoa habari. Maji mapya yalipoteremka na udongo wa milimani, ng'ombe wake walifika kivukoni, wakanusa, wakakataa kunywa. Siku hiyo ningu walikuwa mtoni. Ogoti hakuwahi kuona ishara nyingine iliyoshinda hiyo, na redio ilishajaribu.

Kundi la Zack liliamua safari iwe Jumapili ya tatu ya mwezi. Siku za wiki ni za kazi. Jumamosi ni Sabato, na wote walikuwa Waadventista, hakuna ambaye angegusa mtego. Ogoti aliuliza ni nani aliyewaarifu samaki. Zack alicheka, akasema basi wangoje ng'ombe wapige simu.

Mwishowe Ogoti alikubali, wala si kwa kumpendeza mtoto. Alikumbuka kwamba ningu walikuwa wakipita siku tano, hata sita. Wakija Ijumaa, watu waliinua migono kabla jua halijatua, wakashinda kanisani Jumamosi wakiimba huku mawazo yako mtoni, na Jumapili wakaitega tena na kuwakuta bado wanapita. Sabato haikuwahi kumnyima mtu samaki. Hesabu hiyo ndiyo aliyoiamini.

Ijumaa ya wiki hiyo, saa sita mchana, simu ililia. Alikuwa Kipkurui.

"Baba Zack, ng'ombe wamekataa maji."

Ogoti aliuliza rangi yake. Kipkurui akasema ni kama matofali, na kwamba aje sasa hivi, jua bado liko. Miaka ya karibuni alikuwa amewaona ningu mara mbili tu, na mara zote walipita kwa siku moja, wakaisha.

"Wewe ulianza lini kujua samaki?" Ogoti akamwuliza.

"Samaki siwajui. Najua ng'ombe. Siku hizi wakikataa leo, kesho kutwa wanakunywa."

Ogoti alimjibu kwamba watakuja Jumapili, yeye na Zack. Angeweza kushuka peke yake na kurudi na wawili watatu. Lakini samaki aliyekufa ndani ya ndoo hakuwa ndiye aliyemtaka. Alitaka mtoto asimame majini mwenyewe amshike. Nyamoita, aliyekuwa akipiga pasi koti la kanisani, alisema, "Si ungemwita leo, mzee." Ogoti akasema Zack yuko zamu, na jua halitamngoja. Hayo yalikuwa kweli. Nyamoita akageuza koti upande wa pili.

Jumamosi, ibada ya mchana ilipokwisha, Ogoti alishuka mtoni na koti na tai, Biblia kwapani. Kutembea si kazi. Alimkuta Kipkurui ukingoni, suruali imekunjwa hadi magotini, na mgono mmoja mkononi, kwa maana ile mitego ilikuwa imewekwa ghalani kwake.

Ningu walikuwa wanapita. Kwenye mawe, maji yalipokuwa ya kina kifupi, migongo yao ilitokeza, wawili, watatu, kisha nafasi, kisha mmoja. Mahali hapo hapo akina mama walikuwa wakiwateka kwa beseni.

"Nionyeshe pa kuuweka," Kipkurui alisema. "Mimi si Msabato."

Ogoti alisema amri inamfunga hata mgeni.

"Mgeni hapa ni nani, Baba Zack? Huu upande ni wangu."

Alisema kwa mzaha, na Ogoti alijua ni mzaha. Barua ya kampuni ilikuwa imesema hivyo hivyo bila mzaha.

Kipkurui akaingia majini akishusha mguu mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeogopa kuumwa. Akauweka mgono katikati ya mawe mawili. Aliuweka kinyume: mdomo ukatazama juu, maji yalikotoka, na ningu walikuwa wanatoka chini. Neno moja lingetosha kumgeuza. Ogoti alisimama na Biblia yake na neno lile hakulitoa.

Jumapili walikuja watu tisa wenye fulana za kijani zenye picha ya samaki. Ng'ombe walikuwa kivukoni wanakunywa. Vijana walisimama mtoni hadi saa nane, wakapiga picha, wakala nyama waliyonunua Sotik. Zack alimwuliza baba yake kama jana walikuwepo. Ogoti akasema walikuwepo.

"Wakubwa?"

"Wa kutosha."

Wiki iliyofuata lori liliwachukua yeye na Nyamoita na vitu vyao. Migono ilibaki kwa Kipkurui, na kuku wanataga humo.

Mara ya mwisho Ogoti kuwaona ningu ilikuwa Jumamosi ile, kama saa kumi. Walikuwa watatu, wamejibanza nyuma ya jiwe wakipumzika. Mmoja alitoka, akagusa ubavu wa mgono kwa pua, akauzunguka, na wale wawili wakamfuata, wakapita karibu na mguu wa Kipkurui, ambaye alikuwa amefumba macho.

"Wameingia?" Kipkurui akauliza.

"Bado," Ogoti akasema, na akaendelea kutazama maji.