Ushahidi Niliodai Utunzwe Ulizuia Tiketi ya Mama

Ndugu zangu, leo hapa stendi ya Nyakanazi barua yangu mwenyewe nusura imkoseshe mama basi la kwenda hospitali.

Mwezi uliopita mfumo wa tiketi uliuza kiti changu mara mbili. Niliiandikia ofisi ya basi, nikidai kila taarifa ya hitilafu itunzwe kama ushahidi. Walitii.

Leo kompyuta ya tiketi ikagoma. Dereva anapiga honi. Mama ameketi juu ya begi lake.

"Taarifa za hitilafu zimeijaza," karani akasema. "Zile zile ulizotukataza kufuta, mzee wa barua!"

Abiria wakacheka. Mimi sikucheka.

"Nizifute?" karani akaniuliza.

Ulikuwa ushahidi wangu wote.

"Zifute, dada. Upesi!"

Tiketi ikatoka. Mama ameondoka.

Lalamiko langu sasa halina kielelezo hata kimoja. Naomba maoni yenu: je, nimekosea?